GitHub, VS Code na Copilot: vyombo vya Microsoft ni moto, lakini venye wanamchukulia developa mdogo ndio stori

Nianze na bei, juu hio ndio kitu ya kwanza mtu wa Nairobi huuliza hata kabla ya kuuliza kama kitu chenyewe kinafanya kazi. GitHub, pale madevelopa wanaweka kazi zao, ni bure. VS Code, programu ya kuandikia msimbo (code), ni bure. Copilot, AI ya kukusaidia kuandika huo msimbo, iko na ya bure pia tangu Desemba 2024, yenye mipaka, na ukitaka ya kulipia ni dola 10 kwa mwezi, kama shilingi 1,300 hivi. Zote tatu ni za Microsoft. Kuna wasee wengi hapa town wanaishi ndani ya hizi vitu tatu kuanzia asubuhi mpaka stima ipotee na hawajawahi kaa chini wakajiuliza huyu mwenye kutoa bure anawachukulia aje, sasa mimi nimekaa nikajiuliza na hii ndio review yangu. Windows na Office siguzi, ziko na watu wao wa kuzililia.

Mimi ni developa wa kujitegemea. Kazi zangu nyingi ni mifumo ya sacco na maduka, kuunganisha tovuti ya mtu na M-Pesa kupitia Daraja, lango la Safaricom la madevelopa, mambo kama hayo. Laptopu ni ex-UK ya Moi Avenue, RAM 8, na VS Code inakaa hapo vizuri bila kulalamika, inafunguka, eksitensheni (vipande vya kuiongezea uwezo) ziko za kila aina, lugha yoyote utakayotupa inaielewa. Nimejaribu zingine za kulipia na sijaona sababu ya kutoa pesa. Kwa chombo chenyewe sina neno.

GitHub nayo, kwanza tuelewane, git yenyewe, ile programu ya kutunza kila badiliko la msimbo, si ya Microsoft, git ilitengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta ulio huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuchukua. GitHub ilikuja 2008, mahali pa kuweka repo zako (mafolda ya miradi) watu waone, wachangie, walete malalamiko. Microsoft ikatangaza kuinunua Juni 2018 kwa dola bilioni 7.5 za hisa, na nakumbuka venye watu walipiga nduru siku hio, wengine wakahama na repo zao zote kwenda GitLab wiki hio hio. Sasa ukiangalia nyuma, kwa mtu wa mfuko wangu, kilichofuata kilikua kizuri. Zamani ukitaka repo ya siri ulikua unalipa dola 7 kwa mwezi. Januari 2019 wakafanya repo za siri kuwa bure bila hesabu, ingawa mlikua mnaruhusiwa watu watatu tu wa kushirikiana, halafu Aprili 2020 hio mipaka nayo ikatolewa. Kwa kijana wa kampasi pale Juja mwenye kazi ya mteja asiyotaka ionekane na dunia nzima, hio si kitu kidogo.

Na hapa Nairobi GitHub imekua ndio CV. Hakuna intavyu ya developa utaenda wasikuambie utume link. Kuna boy hukaa meza ya kando yangu pale tunapokodisha viti Ngong Road, kila siku saa tano unusu usiku akiwa kwa nyumba hufungua laptopu aongeze koma kwa faili la README, lile la maelezo ya mradi, siku ya pili aitoe, ili tu ule ukuta wa viboksi vya kijani kwa profaili yake, kimoja kwa kila siku uliyotuma kazi, usiwe na shimo. Alinionyesha kwa simu, mwaka mzima kijani, akaniambia huyo anayeajiri hata hafungui repo, anaangalia rangi. Sikua na la kumjibu juu ni kweli. Kampuni moja ya Marekani imeamua kiboksi kiwe kijani na mtu wa HR Upper Hill anaajiri kwa hio rangi!

Sasa historia kidogo, kwa wale wa juzi. Hii Microsoft ni kampuni ile ile ambayo mwaka 2001 mkurugenzi wake Steve Ballmer alifananisha Linux na saratani. Si msemo wa kuokotwa kwa kijiwe, alisema hadharani kwa gazeti. Leo hao hao wako ndani ya Linux Foundation tangu 2016, Linux inakimbia ndani ya Windows yao, .NET, jukwaa lao la kutengenezea programu, walianza kuifungulia watu mwaka 2014, VS Code 2015. Mtu asikudanganye kwamba ni maneno tu. Na nikiri kitu kimoja ambacho huwa kinanifanya niwaheshimu: Machi 2024 dunia nzima iliponea chupuchupu juu ya mfanyakazi wao mmoja. Anaitwa Andres Freund, kazi yake ni PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, aliona kuingia kwa seva kupitia SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde! Mimi nusu sekunde ningelaumu mtandao niendelee na chai. Yeye akachimba mpaka akakuta mtu ameficha mlango wa nyuma ndani ya xz, kadude kadogo ka kubana mafaili ambako kako kwa karibu kila Linux. Huyo mwizi alikua ametumia miaka kama miwili hivi akijifanya msaidizi mwema, juu mwenye xz alikua mtu mmoja, wa kujitolea, amechoka, hakuna anayemlipa.

Weka hao watu wawili kichwani. Mmoja analipwa mshahara na kampuni kubwa na ako na muda wa kufuata nusu sekunde. Mwingine ndio amebeba kitu ambacho kampuni kubwa zote zinategemea na hakuna hata mmoja alijua jina lake. Hapo ndipo review yangu inaanza kushuka nyota, juu nikipima Microsoft naona hivi: wakitoa kitu wanakitoa kwa mikono miwili, lakini ikifika kwa mtu, yule developa mmoja aliye peke yake na kitu kizuri, hapo mkono unakua mzito ghafla.

Stori ya Keivan Beigi ndio mfano naupenda kuliko yote na huwa nasimulia kila developa mdogo nikikutana naye. Huyu ni jamaa wa Kanada, alikua ametengeneza AppGet, programu huria ya kuweka na kuapdeti programu zingine kwa Windows kwa kuandika amri moja tu. Watu wa Linux wamekua na hio kitu miaka na mikaka, Windows haikua nayo ya kwao. Mradi wake binafsi, hakuna kampuni nyuma yake. Mwaka 2019 meneja wa Microsoft akamwandikia imeili, kazi yako tumeipenda, tukutane tuongee. Wakaongea. Wazo likafika mahali pa kwamba aingie ndani aajiriwe, aendelee na hio hio kazi akiwa kwao. Desemba wakampeleka Redmond kwa makao makuu, intavyu siku nzima. Akarudi nyumbani akangoja. Kimya. Karibu nusu mwaka ya kimya. Mei 2020 ndio anapata ujumbe, usiku wa kuamkia uzinduzi, kwamba ile kazi haikuwezekana na kesho wanatangaza winget, chombo chao cha kuweka programu.

Ni kama supermarket imwite mama mboga ofisini aeleze venye hupanga sukuma zake, nani humletea, bei anaweka aje, wampe soda, halafu baada ya miezi wafungue kibanda mlango wa pili na hata salamu hakuna.

Kwa maelezo ya Beigi mwenyewe, alipoifungua winget alikuta muundo, majina ya vitu, mafaili ya kueleza programu, karibu kila kitu kinafanana na chake. Na sikiza vizuri alicholalamikia, juu hapa ndio wengi hukosea wakisimulia. Hakulalamika kunakiliwa. Ukiweka kitu huria umeruhusu kinakiliwe, hio iko wazi. Kilichomuuma ni venye walimchukua akaeleza kila kitu halafu siku ya harusi jina lake halimo. AppGet akaifunga. Watu wakapiga kelele mtandaoni, na ndani ya siku chache Microsoft wakatoka wakaandika kwamba ndio, mawazo mengi yalitoka kwa AppGet, asante Keivan. Asante ya baada ya kelele.

Hio ndio tabia ukishaiona mara moja utaiona kila mahali. Oktoba 2021 waliondoa kipengele cha Hot Reload (kubadilisha msimbo bila kuzima programu) kwa chombo huria cha .NET ili kibaki kwa Visual Studio, chombo chao kingine kikubwa, na wachangiaji wakawaka moto, siku chache wakarudisha na msamaha juu. Desemba 2025 GitHub wakatangaza kwamba hata ukitumia mashine yako mwenyewe kuendesha kazi za Actions (zile zinazojiendesha zenyewe ukituma msimbo, kama majaribio) watakutoza sehemu ya senti ya dola kwa kila dakika. Mashine yako, stima yako, halafu ulipe! Kelele tena, wakasema ngoja, tunaahirisha. Kwa hivo wanasikia, na hio nawapa. Ila wanasikia kelele ya wengi. Wewe ukiwa mmoja kwa bedsitter Roysambu na hauna wafuasi utapiga kelele gani isikike?

FFmpeg walikua na wafuasi angalau. Hii ni ile programu huria iliyo nyuma ya karibu kila video unayoona kwa mtandao. Mwaka 2024 mtu wa Microsoft Teams alienda kwa sehemu yao ya kuripoti hitilafu, ambayo inaendeshwa na watu wa kujitolea, akaandika kwamba shida yake ya maandishi ya video ni ya haraka sana, bidhaa yao kubwa inangoja. FFmpeg wakawaambia sawa, basi tufanye mkataba wa msaada wa muda mrefu, na kwa maelezo ya FFmpeg walichopewa ni ofa ya dola elfu kadhaa, mara moja, basi. Wakaanika jambo lote mtandaoni. Halafu 2025 ikaja ya Spegel, developa mwingine mmoja, Philip Laine, wa mambo ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwa seva nyingi), alielezea venye watu wa Microsoft waliongea naye juu ya mradi wake akiwa na matumaini ya kushirikiana, baadaye akakuta wametoa wao unaoitwa Peerd, na ndani kuna sehemu anazijua kwa macho juu ni yeye aliziandika. Jina lake walau lilikua kwa shukrani za README. Maendeleo, sijui nicheke ama nini.

Kusema haki pesa wanatoa. GitHub Sponsors iko tangu 2019, mtu anaweza kukuchangia moja kwa moja, na mwisho wa 2024 GitHub walitangaza mfuko wa dola milioni 1.25 wa kusaidia usalama wa miradi huria 125. Gawanya hapo, ni dola 10,000 kila mradi. Kwa Nairobi hio inalipa rent ya miaka. Lakini pesa ya mfuko ni ya anayechaguliwa, na yule wa xz hakua anaomba mfuko, alikua anahitaji mtu wa pili.

Kuna kitu pia kuhusu VS Code watu wengi hawajui na inafaa iandikwe kwa review. Msimbo wake ni huria, leseni ya MIT yenye masharti machache sana, unaweza kuuchukua ukatengeneza yako, na watu wamefanya hivo, VSCodium ni mfano na Cursor pia imetoka hapo. Lakini ile VS Code unayodownload kwa tovuti yao iko na leseni nyingine ya Microsoft, na duka la eksitensheni masharti yake yanasema ni la bidhaa zao tu. Baadhi ya eksitensheni nzuri nzuri si huria kabisa. Aprili 2025 watumiaji wa VSCodium na Cursor wakaamka wakapata eksitensheni ya Microsoft ya C na C++ imegoma, inawaambia inafanya kazi kwa bidhaa za Microsoft pekee. Masharti yalikua hivo toka zamani, ila hakuna aliyekua anayafuatilia mpaka Cursor ikaanza kuwa kubwa. Unaona hapo? Wakiwa wadogo waache wacheze, wakikua soma leseni.

Copilot ndio inanichanganya roho zaidi. Ilitolewa kwa watu wachache 2021, ikafunguliwa kwa wote 2022, na ilifundishwa kwa msimbo ulioko hadharani GitHub, yaani kazi za watu, pamoja na zangu kama zina maana yoyote. Novemba 2022 madevelopa kadhaa wakaenda kortini San Francisco wakisema leseni zao zinataka jina la mwandishi libaki na Copilot inatema msimbo bila jina. Jaji alitupa madai mengi, wakakata rufaa. Mimi si wakili. Ninachojua ni kwamba wanafunzi na wenye miradi huria mikubwa wanaipata bure, sisi wa katikati tunalipa dola 10, na kitu yenyewe inafanya kazi vizuri sana kiasi kwamba ni ngumu kukasirika. Ikiandika ule mwanzo wa STK push (ule ujumbe wa M-Pesa wa kuomba PIN kwa simu), na jina la mteja kwa maelezo ya faili, na hata ule mpangilio wa tarehe na saa bila nafasi ambao Daraja wanataka, naona kabisa ni mtu wa hapa hapa aliuandika mara ya kwanza, kwa repo fulani, labda usiku, labda Kasarani. Nani? Hakuna pahali pa kubonyeza umjue.

Na si Microsoft pekee, wacha niwe mkweli. Mimi niko na maktaba kidogo ya M-Pesa niliweka huria chini ya MIT, na kuna kampuni moja ya hapa hapa Nairobi, jina nalihifadhi, iliichukua ikafuta mstari wa juu wenye jina langu ikauzia shule kama mfumo wao. MIT inaruhusu uuze, sawa kabisa, uza hata mara mia, lakini mstari wa jina unafaa ubaki, hio ndio sharti karibu moja tu iliyoko. Niliwaandikia. Jibu likaja kwa WhatsApp, emoji ya mikono miwili. Kwa hivo ukiniuliza leseni gani uweke, mimi sai kazi mpya ya seva naweka AGPL, ambayo mtu akiitumia kwa huduma yake ya mtandaoni baada ya kuibadilisha inabidi awape watumiaji msimbo pia. Kampuni kubwa huikimbia hio leseni kama moto. Ukitaka itumike kila mahali weka MIT lakini ujue umekubali nini, usije ukalia kwa X miaka miwili baadaye.

Kama unataka kuhama GitHub kabisa, mahali papo. Codeberg ni ya shirika lisilo la faida la Ujerumani, na mwisho wa 2025 mradi wa Zig, lugha ya kuandikia programu, ulihamia huko na kuacha GitHub. Kuna GitLab pia. Mimi sihami, juu wateja wako GitHub na yule boy wa viboksi vya kijani na wenzake wote wako huko, na akaunti ni bure. Nilichofanya ni kuongeza mahali pa pili pa kutuma, git iliundwa ikiwa na uwezo huo toka mwanzo, unaandika git remote add mara moja na kila ukimaliza kazi unatuma pande zote mbili. Mwaka 2019 madevelopa wa Iran waliamka wakakuta akaunti zao zimebanwa juu ya vikwazo vya Marekani, ikachukua mpaka Januari 2021 kwa GitHub kupata kibali cha kuwafungulia. Hawakua wamefanya kosa lolote hao. Nakala ya pili ni dakika tano, fanya leo.

Nyota basi: VS Code nne na nusu, ile nusu nimekata kwa ajili ya leseni mbili. GitHub nne. Copilot tatu na nusu, na nimeishukisha hadi ya bure, mwezi wenye kazi nyingi narudi kulipa. Microsoft kama jirani wa developa wa peke yake, mbili, na moja kati ya hizo ni ya Andres Freund binafsi.

Kuna msee ataniuliza kama anafaa kuomba kazi kwa kituo chao cha Westlands, kile cha uhandisi walichoanzisha Nairobi 2019. Omba bana, kwa nini usiombe. Soma tu mkataba unasema nini kuhusu vitu unavyotengeneza usiku kwa laptopu yako mwenyewe, na kama wamekuita kuongea juu ya mradi wako, hakikisha repo iko hadharani, leseni imewekwa na jina lako liko kwa kila faili kabla hujapanda lifti.